Riba ikibanwa huhamia wapi

Kila baada ya miezi miwili nchini Kenya, na kila baada ya miezi mitatu Tanzania, watu wachache hukaa kikao, hupitia makaratasi yao, kisha hutoka na namba moja. Redio huisoma katikati ya habari za mvua na matokeo ya mpira: Benki Kuu imeiacha riba ilipo, au imeipunguza kwa robo asilimia. Wengi wetu hatugeuki hata kuisikiliza. Ikulu huisikiliza. Katika nchi nyingi namba hiyo imewagombanisha marais na magavana wao, na katika nchi moja, Uturuki, ugomvi huo uliingia mpaka kwenye bei ya mkate.

Tuanze na namba yenyewe. Riba ya Benki Kuu siyo ile unayotozwa ukikopa kununua bodaboda au kumalizia nyumba. Ni bei ya fedha za siku chache, ambazo mabenki hukopeshana au huzichukua Benki Kuu ili kuziba pengo la leo mpaka kesho au mpaka wiki ijayo. Tanzania ilianza utaratibu huu Januari 2024 kwa asilimia 5.5, na kinacholengwa ni mikopo ya siku saba baina ya mabenki. Bei hii ikipanda, benki hupata fedha kwa gharama kubwa zaidi, nayo hupandisha ya kwake. Mwenye duka anaahirisha kuongeza mzigo, mwenye kiwanja anaahirisha msingi, fedha zinazofukuzia bidhaa zilezile zinapungua, na bei zinapoa. Upande wa pili, mwenye akiba anaona afadhali akae na shilingi zake benki kuliko kukimbilia dola. Riba ikishuka, mambo hayo yote hugeuka.

Ugumu uko kwenye muda. Uchungu wa kupandisha riba huonekana mapema, kwa sababu mikopo hupungua na kazi huwa chache, lakini nafuu ya bei huja baada ya mwaka, pengine miwili. Kushusha riba huanza na utamu na kumalizia na uchungu. Mtu anayegombea kura mwezi wa nane ujao hahitaji kuwa mwovu ili avutwe na utamu huo. Anahitaji tu kuwa na kalenda ukutani.

Ndiyo maana nchi nyingi ziliamua kuitoa namba hiyo mikononi mwa wagombea. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 231, inasema Benki Kuu haitakuwa chini ya maelekezo wala udhibiti wa mtu au mamlaka yoyote inapotekeleza kazi zake. Uturuki iliipa benki yake kuu uhuru wa namna hiyo mwaka 2001, baada ya mgogoro uliozika mabenki kadhaa na kupeleka mfumuko wa bei karibu asilimia 70. Matokeo hayakukawia. Mwaka 2004 mfumuko ulikuwa umeshuka mpaka tarakimu moja, na Januari 2005 nchi ikakata sifuri sita kwenye noti zake, lira milioni moja ikawa lira moja. Waziri Mkuu aliyevuna heshima ya mafanikio hayo aliitwa Recep Tayyip Erdoğan.

Ni huyohuyo ambaye, akiwa Rais, Mei 2018 aliiita riba mama na baba wa maovu yote. Aliwaambia wawekezaji jijini London kwamba akishinda uchaguzi wa Juni angekuwa na sauti zaidi juu ya sera ya fedha. Alishinda. Mwezi uliofuata, kwa amri ya rais, akajipa mamlaka ya kumteua gavana mwenyewe, na mkwe wake Berat Albayrak akawa Waziri wa Fedha na Hazina.

Hapo ndipo magavana walipoanza kupishana mlangoni. Murat Çetinkaya, aliyekuwa amepandisha riba mpaka asilimia 24 Septemba 2018 ili kuiokoa lira, alifukuzwa Julai 2019. Mrithi wake, Murat Uysal, aliishusha mpaka asilimia 8.25 ndani ya miezi kumi, naye akaondolewa Novemba 2020 lira ilipokuwa hoi. Akaja Naci Ağbal. Katika miezi minne aliipandisha riba mara tatu, mpaka asilimia 19, na fedha za wageni zikaanza kurudi. Uamuzi wake wa mwisho ulitangazwa Alhamisi, Machi 18, 2021. Usiku wa kuamkia Jumamosi amri ya kumwondoa ilichapishwa kwenye gazeti la serikali. Masoko yalipofunguliwa Jumatatu, lira ilipoteza hadi asilimia 15 ya thamani yake kwa saa chache.

Tafakari hesabu hiyo. Riba ilikuwa bado ni asilimia 19, ileile. Gavana mpya, Şahap Kavcıoğlu, hakuwa amegusa chochote. Kilichobadilika ni jambo moja tu: kila mwenye lira alijua sasa kwamba anayepandisha riba hufukuzwa. Mtu akijua hivyo, hakai kusubiri ashushiwe. Anauza lira leo. Shinikizo la kisiasa lina gharama hata kabla amri haijatekelezwa, na gharama hiyo haitoki kwa gavana aliyefukuzwa, bali kwa mwalimu na mstaafu wenye akiba ya lira.

Magunia kumi ya mahindi

Erdoğan alikuwa na nadharia, na ni haki tuieleze kabla ya kuipima. Alisema riba ni sababu, mfumuko wa bei ni matokeo. Kiwanda kinacholipa riba kubwa huongeza gharama hiyo kwenye bei ya sabuni, kwa hiyo ukitaka sabuni ishuke bei, shusha riba. Punje ya ukweli imo. Wenye viwanda hulipa riba na hukumbuka kuihesabu. Lakini nadharia hiyo humtazama mkopaji peke yake na kumsahau aliyeleta fedha.

Mfano huu unanisaidia mimi kila mara. Chukulia una fedha za kununua magunia kumi ya mahindi, ukamkopesha mtu kwa mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 14. Mwaka unaisha, amelipa yote, hakukudhulumu hata senti. Lakini katika mwaka huo bei zimepanda kwa asilimia 36. Ukienda sokoni na fedha zako pamoja na riba yake, unarudi na magunia manane na kidogo. Umekopesha kumi, umelipwa nane, na mkataba umeheshimiwa. Namba hizi sikuzitunga: riba ya Uturuki Desemba 2021 ilikuwa asilimia 14, na mfumuko rasmi wa bei wa mwezi huo asilimia 36.08. Mwenye akili timamu hawezi kukaa na lira katika hali hiyo. Atanunua dola, dhahabu, gari, hata friji la pili, chochote kisichoyeyuka.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia Septemba hadi Desemba 2021 benki kuu ilishusha riba mara nne mfululizo, kutoka asilimia 19 mpaka 14, huku bei zikipanda. Dola moja iliyokuwa chini ya lira 9 ilifika zaidi ya 18 tarehe 20 Desemba. Uturuki hununua nje mafuta na gesi yake karibu yote, kwa dola, kwa hiyo kila lira iliyoporomoka ilirudi nyumbani kwa njia ya nauli, umeme na unga. Istanbul watu walipanga foleni kwenye vibanda vya manispaa vinavyouza mkate wa bei nafuu. Serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara kwa nusu, kutoka lira 2,826 hadi 4,253, na kwa dola bado kilikuwa pungufu ya thamani yake mwanzoni mwa mwaka. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaofuata nguo Istanbul huijua vizuri bahati ya mnunuzi mwenye dola sarafu ya muuzaji inapoanguka. Mshona nguo hizo, anayelipwa kwa lira, yuko upande wa pili wa bahati hiyo.

Jambo ambalo watu wengi hawalioni ni hili: hata riba yenyewe haikushuka yote. Benki Kuu inashika bei ya fedha za wiki moja. Bei ya fedha za miaka kumi huwekwa na anayekopesha kwa miaka kumi, na yeye hutazama mfumuko anaoutarajia. Katika miezi ileile ambayo riba ya Benki Kuu ilishuka kutoka 19 hadi 14, riba ya hati fungani za serikali za miaka 10, yaani karatasi za deni ambazo serikali hukopea, ilipanda kutoka karibu asilimia 17 na kuvuka 20. Rais alibana mlango mmoja, riba ikatokea mlango mwingine. Baadaye mabenki yalilazimishwa kwa kanuni kununua hati hizo ili bei yake ionekane imetulia, yaani mlango wa pili nao ukabanwa.

Mlango wa tatu ulikuwa ghali kuliko yote. Usiku uleule wa Desemba 20, serikali ilitangaza amana zenye kinga ya dola. Ukiweka lira zako benki, ukapata riba, halafu lira ikaporomoka kuliko riba hiyo, serikali itakulipa tofauti. Lira iliruka kabla ya usiku kwisha, ikarudi karibu na 13 kwa dola, na watu wakashangilia. Lakini soma mkataba huo polepole. Mwenye akiba amelipwa riba, na juu yake amelipwa nyongeza, isipokuwa nyongeza hiyo hailipwi na aliyekopa. Inalipwa na Hazina na Benki Kuu, yaani na mlipa kodi asiye na amana yoyote.

Neno riba

Katika lugha yetu jambo hili lina uzito ambao lugha nyingi nyingine hazina. Neno tunalolitumia kwenye taarifa ya Benki Kuu ndilo neno la Qur'ani. Msomaji wa Zanzibar, Mombasa au Muscat akisikia Rais wa Uturuki akisema, kama alivyosema mwishoni mwa 2021, kwamba yeye ni Muislamu na atafuata maandiko kuhusu riba, anaweza kumwona kama mtu wa msimamo. Sipuuzi hisia hiyo. Kuna fikra nzito katika fedha za Kiislamu: kushirikiana faida na hasara, kutofanya deni kuwa mtego.

Ila Uturuki haikufuta riba. Ilikuwa na riba ya asilimia 19, kisha 14, kisha 8.5 Februari 2023. Mabenki yake yaliendelea kukopesha kwa riba siku zote hizo, serikali ikaendelea kukopa kwa riba, na ile kinga ya dola ilikuwa riba juu ya riba. Kilichobadilika ni nani anamlipa nani. Mwenye mkopo mkubwa wa riba isiyobadilika aliona deni lake likiyeyuka. Mjane aliyeweka akiba ya lira aliona akiba ikiyeyuka. Ikiwa moyo wa katazo ni kuzuia mwenye nguvu asile jasho la mnyonge, basi mfumuko wa asilimia 85.51, uliotangazwa kwa Oktoba 2022, ulikuwa mlaji mkubwa kuliko benki yoyote. Na hiyo ni takwimu rasmi, ambayo Waturuki wengi waliitilia shaka wakiamini hali halisi ni mbaya zaidi.

Lawama hazikuwa za riba tu. Mwaka 2019 na 2020, wakati riba inashushwa, mabenki ya umma yaliuza dola nyingi kwa ukimya ili lira isianguke. Aprili 2021 chama cha upinzani CHP kilitundika mabango yenye swali moja: dola bilioni 128 ziko wapi? Polisi walikwenda kuyashusha. Akiba ya fedha za kigeni ni ngao ya taifa, na ilitumika kuficha matokeo ya uamuzi ambao haukupaswa kufanywa.

Nyumbani

Kenya ililijaribu jambo hili kwa njia nyingine, kupitia Bunge. Manung'uniko yalikuwa ya kweli. Mikopo ilikuwa inafika asilimia 18 na zaidi huku amana zikilipwa kiduchu, na mabenki yakitangaza faida nono kila mwaka. Mbunge Joe Donde alikuwa ameshajaribu kuyabana mwaka 2000, sheria yake ikakwama mahakamani. Mwaka 2016 mswada wa mbunge wa Kiambu Mjini, Jude Njomo, ulipita, na Rais Uhuru Kenyatta akautia saini Agosti. Tangu Septemba hakuna benki iliyoruhusiwa kutoza zaidi ya pointi nne juu ya riba ya Benki Kuu. Riba hiyo ilipokuwa asilimia 10, dari ilikuwa 14.

Benki ikiambiwa isizidi asilimia 14, hujiuliza nani anastahili 14. Serikali, ambayo haikosi kulipa, na kampuni kubwa. Mama mwenye kibanda cha mboga, asiye na hati ya shamba wala vitabu vya hesabu, haingii humo. Basi mabenki yaliongeza kununua hati fungani za serikali, na ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ukashuka chini ya asilimia 5 mwaka 2017. Mama wa kibanda hakuacha kuhitaji mtaji. Alikwenda kwenye simu, ambako mkopo wa mwezi mmoja ulitozwa asilimia 7.5 na kuitwa ada, siyo riba, hivyo dari haikuugusa. Zidisha kwa miezi kumi na miwili uone alikofikishwa.

Kuna tanzi lingine ambalo Gavana Patrick Njoroge alilalamikia kwa miaka mitatu. Uchumi unapolegea, Benki Kuu hushusha riba yake ili mikopo iongezeke. Chini ya sheria ile, ikishusha, dari nayo inashuka, na wakopaji wengine wadogo wanabaki nje ya mstari. Usukani ulikuwa umefungwa kinyume: ukikata kulia, gari linakwenda kushoto. Novemba 2019 dari iliondolewa, baada ya Kenyatta huyohuyo kuurudisha bungeni Muswada wa Fedha akitaka ifutwe. Naona ni jambo la kuheshimika, kiongozi kurudi na kusema hili halikufaa.

Wamarekani pia wamepita humo. Kanda za Ikulu ya Richard Nixon zimehifadhi sauti yake akimsukuma mwenyekiti wa benki kuu, Arthur Burns, alegeze fedha kabla ya uchaguzi wa 1972. Nixon alishinda, na 1974 bei zikapanda kwa zaidi ya asilimia 11. Paul Volcker ndiye aliyekuja kuzishusha baada ya 1979, kwa riba iliyokaribia asilimia 20. Ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8, na wajenzi waliokosa kazi walimtumia vipande vya mbao kwa posta kama malalamiko. Donald Trump naye amemshambulia Jerome Powell, aliyekikalia kiti cha Burns kuanzia 2018, hadharani miaka nenda rudi akitaka riba ishuke. Tofauti na Ankara ni kwamba sheria ya Marekani inataka sababu ya haki ili kumwondoa mjumbe wa bodi ile, na mahakama zipo za kuuliza sababu hiyo ni ipi.

Sisemi magavana ni malaika. Mwaka 2021 benki kuu kubwa za dunia zilidai mfumuko wa bei ungepita wenyewe, zikachelewa, na maskini wakalipia. Hakuna aliyempigia gavana kura, na uamuzi wake unaweza kumfukuzisha mtu kazi. Swali la nani kampa mamlaka hayo ni halali. Jibu ninaloliona la haki ni kugawana kazi. Nchini Kenya serikali ndiyo huweka lengo, bei zipande kwa asilimia 5, zikipungua au kuzidi kwa pointi 2.5. Benki huchagua namna ya kufika. Abiria wana haki ya kusema tunakwenda Mbeya, wana haki ya kumuuliza dereva kwa nini tumechelewa, hata ya kumbadilisha wakifika kituoni. Kumnyang'anya usukani kwenye kona za Mlima Kitonga ni jambo jingine.

Uturuki iliurudisha usukani baada ya uchaguzi wa Mei 2023, kura zikiwa zimeshahesabiwa. Mehmet Şimşek akawa Waziri wa Fedha, na Hafize Gaye Erkan akawa mwanamke wa kwanza kuwa gavana. Riba ikapanda kutoka asilimia 8.5 hadi 15 kwa mkupuo mmoja wa Juni, ikaendelea kupanda karibu kila mwezi, na Machi 2024, chini ya Fatih Karahan, ikafika 50. Gavana aliyefukuzwa usiku wa Machi 2021 alikuwa ameiacha kwenye 19. Mei 2024 mfumuko ulikuwa bado asilimia 75, na mwenye duka dogo wa Izmir aliyetaka mkopo siku hiyo alikuta bei ambayo Ağbal hakuwahi hata kuitaja.

Zile amana zenye kinga ya dola zilichukua muda zaidi kuzikwa. Benki kuu ya Uturuki ilifunga hesabu za 2023 na hasara ya lira bilioni 818, sehemu kubwa ikiwa malipo ya kinga hiyo, na ni Agosti 2025 tu ndipo iliacha kupokea amana mpya za aina hiyo.